Chumba cha Kulinganishia

Kichefuchefu huwajia watu kwa njia nyingi. Kuna wanaokipata garini, kuna wanaokipata wakinusa rangi mbichi ya ukutani. Mimi kilinikuta kwenye duka anakofanya kazi mchumba wangu, asubuhi ya jua zuri kabisa, nikiwa na pazia jeusi begani na mama yangu mzazi nyuma yangu akihema kwa sababu ya ngazi.

Tulikwenda kwa mambo mawili. Mimi nilikuwa napeleka kazi. Nashona mapazia, na lile lilikuwa pazia zito la kuzuia mwanga, limeagizwa na duka lenyewe. Mama alikuwa amekuja kuchagua deki, mashine ya kuchezea diski za picha. Alikuwa amejiapiza kwamba zawadi yake ya harusi itakuwa deki ya maana, yenye spika zake zote, siyo "kile kikopo chetu kinachokoroma" kama alivyoiita ya nyumbani. Kadi za harusi zilikuwa zimeshasambazwa. Shangazi zangu walikuwa wameshanuniana juu ya nani atakaa meza ya mbele. Kwa kifupi, mambo yalikuwa yameiva.

Mchumba wangu watu walimwita Jicho. Ndiye aliyekuwa mtaalamu wa picha pale dukani. Alikuwa na uwezo wa kuingia sebuleni kwa mtu kwa mara ya kwanza na, kabla hajakaa vizuri, aseme kwa upole, "Samahani, televisheni yenu inazidisha wekundu." Mama alimpenda kwa hilo tu. "Huyu ni mwanaume anayeona," alikuwa akiniambia. "Siyo kama marehemu baba yako. Nilikuwa nasuka nywele, anagundua siku ninayofumua."

Hata mimi nilimpenda kwa macho yake, kwa nini nifiche? Kuna wanaume wanakutazama kama wanasoma bei. Jicho alinitazama taratibu, kuanzia paji la uso, akishuka, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akipatamani siku nyingi na hana haraka ya kuondoka. Nikitazamwa hivyo, hata sindano ikinichoma kidole sisikii.

Juu dukani kulikuwa na chumba walichokiita chumba cha kulinganishia. Ukitaka deki, hawakuuzii kwa maneno. Wanakukalisha kwenye kochi mbele ya televisheni mbili zinazofanana kama mapacha, kila moja na deki yake. Diski mbili zenye picha ileile zinawashwa kwa pamoja. Unatazama kushoto, unatazama kulia, unachagua. Jicho ndiye aliyeweka utaratibu huo, na alikuwa mkali nao. Sauti za pande zote mbili lazima zilingane, alisema, maana mtu akipigiwa kelele zaidi hudhani ndiyo uzuri.

Muuzaji wa mlangoni alitupokea kwa meno yote nje. "Karibu Dada Shati! Karibu mama!"

Walikuwa wakiniita hivyo kwa miezi kadhaa sasa. Nilidhani ni kwa sababu ya ushonaji, kwamba hawajui tofauti ya mshona mapazia na mshona mashati. Sikuwahi kujisumbua kuwarekebisha.

Tulipofika nusu ya ngazi mama alisimama. "Mvua inanyesha?"

"Na jua hili, mama?"

"Wewe sikiliza."

Kweli, mvua ilikuwa ikinyesha. Ilikuwa mvua ya kwenye bati, nzito, inayokuja kutoka nyuma na mbele na pembeni, mpaka mama akajifunika mtandio vizuri bila kujua anafanya nini. Ilikuwa ikitoka chumba cha kulinganishia. Nikacheka. Nikasema huyu Jicho na spika zake. Halafu juu ya ile mvua nikasikia mwanamke akiongea kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa chumba cha pili.

"Nikifumba macho, nasikia harufu ya shati lako."

Nilitambua maneno kabla ya kutambua sauti. Mtu haijui sauti yake mwenyewe hivyo, ikiwa kubwa kiasi kile, ikiwa na pumzi ndani yake.

Mwaka uliotangulia Jicho alipelekwa mafunzoni mbali, akaniachia kamera nzuri ya dukani. Mchana mmoja wa mvua, mama akiwa sebuleni na wageni, nilijifungia chumbani, nikaiweka kamera juu ya kabati, nikajirekodi nikimwambia yote, diski yake nikamtumia huko. Nywele zangu zilikuwa wazi, nusu nimezifumua. Nililia kidogo katikati, nikajicheka, nikaendelea. Nilimwambia kuhusu lile shati lake alilolisahau kwetu, jinsi ninavyolala nalo, jinsi ninavyoogopa kulifua. Hayo ni maneno ambayo mtu huyasema mara moja maishani, kwa mtu mmoja.

Nilisukuma mlango.

Kwenye kochi walikuwa wamekaa mume na mke, wateja. Mume alikuwa na tumbo la heshima na kikaratasi cha karanga, na maganda yake mekundu yalikuwa yametapakaa kwenye suruali, kwenye kochi, mpaka kwenye zulia. Jicho alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mwalimu anayesubiri jibu. Mbele yao nilikuwa mimi, wawili, kila mmoja mkubwa kuliko mlango.

"Rudisha pale kwenye shati," alisema mume huku akitafuna.

Jicho akarudisha. *Nikifumba macho, nasikia harufu ya shati lako.*

"Wa kushoto uso wake wa njano," alisema mke. "Kama anaumwa ini. Wa kulia angalau yuko hai."

"Lakini wa kushoto hiyo pumzi unaisikia. Sikiliza. Hhhh. Kama yuko hapa shingoni kwangu."

"Wewe sikiliza spika, mwache shingo."

Wakacheka. Jicho naye akatabasamu, lile tabasamu la adabu la watu wa dukani. Kisha yule mume akainuka, akaenda hadi kwenye televisheni ya kulia, akaniwekea kidole shavuni. Kidole kile kile cha karanga. "Na hili chozi," alisema, "mbona huku linang'aa na kule halionekani?" Alipokiondoa, alama ya mafuta ilibaki pale pale chini ya jicho langu.

Nilihisi kile kidole. Ngozi yangu halisi, niliyosimama nayo mlangoni, ilisisimka, na mate yakanijaa mdomoni, yale mepesi yanayotangulia kutapika.

"Ni swali zuri sana," alisema Jicho. "Chozi ni jambo gumu kwa deki. Ni maji juu ya ngozi, na ngozi yenyewe iko kivulini. Deki dhaifu inalichukulia kama..."

Hapo mke wa mteja akageuka, akaniona. Akatazama televisheni, akanitazama mimi.

"Ee! Si ndiye huyu?" Akapiga makofi. "Kumbe upo kweli! Dada, unaigiza vizuri, mimi nilitaka kulia. Wamekupata wapi?"

Pazia lilinidondoka begani.

"Zima kitu hicho," alisema mama.

Jicho alikuwa ameshaniona. Kwanza uso wake ulifurahi, wallahi ulifurahi, kama mtu aliyetembelewa. Halafu akaona uso wangu. Akabonyeza rimoti kwa kubabaika. Sauti ikakatika, mvua ikafa, lakini picha ikaganda tu pale pale, mimi wawili midomo wazi na chozi. Akawaambia wale wateja kwa upole kwamba wapumzike chini kidogo, wataletewa soda. Mume akapita karibu yangu akisema "hongera", harufu ya karanga ikabaki hewani.

Mama alikaa kwenye kochi bila kupangusa maganda. Mimi niliipa picha mgongo, maana sikuweza kujitazama.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mpenzi, ngoja nikueleze."

"Tangu lini, Jicho?"

"Tangu niliporudi mafunzoni." Alisema kwa sauti ndogo. "Haikuwa kwa wateja. Ilikuwa ya kwangu, ya kupimia tu. Meneja akaiona. Akasema hajawahi kuona picha inayoonyesha tofauti za deki wazi namna hii. Kuna ngozi, kuna nywele nyeusi gizani, kuna mtu ananong'ona huku mvua inapiga. Deki mbaya ikiwekewa hiyo inaumbuka dakika hiyohiyo."

"Kwa hiyo ile siku niliyokuambia naogopa kulifua shati lako, wewe ulikuwa unasikiliza mvua."

"Nilikusikiliza wewe! Niliitazama mpaka..." Akasita. "Niliitazama sana."

"Na wao je? Yule wa mlangoni anayeniita Dada Shati?"

Akaiweka rimoti kando ya kochi. Uso wake ulinijibu. Nilikumbuka kila mara niliyopanda ngazi zile, jinsi wale vijana walivyokuwa wakitazamana. Nilikuwa nikiwachekea. Kuna siku niliwapelekea hata maandazi.

"Wanakuheshimu," alisema haraka. "Hakuna aliyesema neno baya. Na haionyeshi mwili. Ni uso tu."

"Uso tu."

"Hujavaa vibaya, hujafanya lolote la aibu. Ungekuwa mtangazaji wa televisheni ungeonekana hivyo hivyo kila siku."

"Ningekuwa mtangazaji ningejua ninaongea na watu!" Sauti yangu ilipanda. "Nilikuwa naongea na wewe! Nilinong'ona ili mama asinisikie, na yuko ukuta wa pili. Leo mama amenisikia kwa spika tano!"

Mama akakohoa. "Mimi sikusikia sana," alisema. Alikuwa amesikia kila kitu. Alikuwa hanitazami machoni.

"Nani mwingine anazo hizo diski?" nikauliza.

"Ni matawi tu."

"Matawi tu?"

"Meneja alituma nakala kwenye matawi. Wauzaji wote sasa wanatumia hiyo. Mauzo ya..." Akajikamata. "Sikupanga, mpenzi. Ilienda yenyewe."

Nilijaribu kufikiria hayo matawi, miji nisiyowahi kukanyaga, makochi yake, watu na karanga zao. *Rudisha pale kwenye shati.* Nilitamani kuvua ngozi, kuiloweka, kuisugua na kuianika.

Mama alivuta pumzi, akaingilia kwa ile sauti yake ya kusuluhisha majirani. "Mwanangu, kaa kwanza. Hasira ni haki yako. Amekosea, na atakuomba radhi hapa mbele yangu. Lakini tupime. Hajakupiga. Hajafumaniwa na mtu. Wanaume wengine wanaficha wachumba wao, huyu kosa lake ni kukuonyesha. Kadi zimeshatoka. Nitawaambia nini watu? Kwamba harusi imevunjika kwa sababu ya deki?"

"Waambie imevunjika kwa kinyaa, mama."

"Kinyaa!" alisema mama. "Kinyaa cha nini sasa?"

"Yule mtu amenishika shavu, mama. Ulimwona. Amenishika na huyu amesimama hapo, akamwambia ni swali zuri."

Mama alianza kupangusa maganda kwenye kochi, moja moja, akiyakusanya kiganjani.

Jicho alisogea. Alipiga goti moja kwenye zulia mbele yangu, nikataka kurudi nyuma lakini nyuma yangu kulikuwa na televisheni. Akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa na joto lile lile ninalolijua, na ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba mwili wangu ulikuwa bado unamtambua.

"Nisikilize mara moja tu, halafu uniambie lolote," alisema. "Utaniuliza kwa nini wewe, wakati sinema zimejaa rafu nzima. Ya sinema siwezi kuiamini. Yule mwigizaji sijui ngozi yake ilivyo kweli. Labda alikuwa mwekundu, labda wamempaka. Naweza kusema deki imekosea, kumbe ndivyo alivyo. Lakini wewe nakujua. Najua hapa chini ya sikio una rangi nyingine. Najua ukianza kulia pua inatangulia. Najua sauti yako ikiwa karibu ikoje, na ikiwa mbali ikoje. Kila deki inayopita humu ndani naipima kwa wewe. Sina kipimo kingine duniani. Nilidhani... nilidhani ni mapenzi."

Nitasema lililonipata, hata kama halinipendezi. Moyo ulilegea. Nani amewahi kuambiwa hivyo? Shangazi zangu wote na ndoa zao, nani kati yao mume wake anajua rangi ya chini ya sikio lake? Nilimtazama usoni, yale macho yaliyonikamata tangu siku ya kwanza yalikuwa yamejaa maji, na hayakuwa yakidanganya hata kidogo. Angalau angekuwa mwongo ningejua la kufanya.

"Nitazikusanya zote," alisema. "Matawi yote. Nitakwenda mwenyewe. Nitamwambia meneja leo hii."

"Zote?"

"Zote." Akameza mate. "Ila nakuomba unibakishie moja. Ya hapa tu. Wateja hawataiona."

Mama aliacha kuokota maganda.

"Unanitaka mimi," nikamuuliza polepole, "au unataka hiyo diski?"

"Swali gani hilo? Ninakuoa wewe! Wewe utakuwa nyumbani kila siku. Diski ni ya kazi."

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Sikuwa nimeyapanga. Pua ikatangulia, kama alivyosema, nikachukia hata pua yangu kwa kumtii. Nililia kimya kimya mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake, na nilikuwa nasubiri kitu. Nilikuwa nasubiri aniambie basi, hata hiyo moja chukua, ivunje, nitapima kwa lolote. Neno moja tu. Nadhani angelisema ningemsamehe, na mapazia ya nyumba yetu ningeyashona wiki hiyo hiyo.

Jicho aliinua uso kunitazama. Alinitazama taratibu, kuanzia paji la uso, akishuka. Akafika kwenye shavu, akasimama. Kisha macho yake yakahama. Yakapita juu ya bega langu, yakaenda kwenye kile kilichokuwa nyuma yangu, yakarudi shavuni, yakaenda tena.

Mkono wake mmoja ulikuwa bado umenishika. Ule mwingine ulipapasa kando ya kochi, ukaokota rimoti.

Akabonyeza. Mwanga uliokuwa ukitupiga kutoka nyuma ulibadilika kidogo, ukapoa. Akatazama shavu langu. Akabonyeza mara nyingine, kwa kidole chepesi, huku amekunja uso kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Unafanya nini, baba?" aliuliza mama. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Kidogo tu, mama," alisema Jicho, taratibu, bila kumgeukia. "Usiyafute, mpenzi. Ndiyo mara ya kwanza nayaona machozi yako na yale ya kwenye picha kwa pamoja." Akabonyeza tena. Uso wake ukafunguka, ukawa mzuri kama siku aliyonivisha pete. "Unaona? Nilikuwa sahihi muda wote. Ya kulia. Ya kulia ndiyo wewe kabisa."

Nilichomoa mkono wangu. Nilijifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawaka, nisimwachie hata tone moja.

"Basi muoe huyo wa kulia," nikamwambia.

Mama ndiye aliyetangulia kufika mlangoni.